Nimeambiwa nicheze na vitambaa, naishia kushona foronya

*Habari za kazi, daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nina miaka 46. Mama yangu alipata kiharusi, nikamuuguza miaka mitatu nyumbani kwangu. Alifariki Februari mwaka jana, tukamzika kihambani Kibosho. Tangu hapo nafanya kazi kama kawaida lakini usingizi sina, kifua kinabana, na machozi hayatoki. Mshauri nasaha niliyeelekezwa na watu wa kanisani aliniambia nitenge muda wa kucheza na vitambaa, nitengeneze chochote bila kujali kitatokeaje, ati kunaponya. Nimejaribu. Nachukua vipande vya vitenge vilivyobaki, lakini dakika kumi hazijaisha nimeshavipima na kuvipiga pasi, na usiku unakwisha nina foronya mbili. Zikipinda kidogo nazifumua. Siku nyingine nakasirika hadi natupa zote. Wifi yangu anasema kama ni kushona nishone za kuuza, ada ya shule haisubiri michezo. Binti yangu anasema nikasome kozi ya kuchora. Naomba kujua: kucheza kunamponyaje mtu mzima aliyefiwa? Nijifunze sanaa vizuri kwanza ndipo ifanye kazi? Na nikimwonyesha mtaalamu nilichotengeneza, ataona ugonjwa wangu humo?*

Dada yangu, pole kwa msiba. Pole pia kwa ile miaka mitatu ya kuuguza, maana kwetu watu huja na mkono wa pole mtu akishazikwa, lakini aliyekesha akimgeuza mgonjwa kitandani hakuna anayemwambia kitu.

Nikikusoma, naona maswali yako yote yamesimama juu ya hofu moja: kwamba umepewa dawa nyepesi kuliko zote, kucheza, na hata hiyo imekushinda. Haijakushinda. Mshauri wako amekushauri vema, ila amekupa kifaa kisichokufaa. Kwa mwalimu, au kwa mama anayeuza nyanya Mbuyuni, vipande vya kitenge ni mchezo. Kwako wewe kitenge ni kazini. Ukikishika tu, kidole kinatafuta uzi umelala upande gani, jicho linatafuta pindo, na kichwani mteja ameshaanza kulalamika kwamba bega moja limepanda. Jina lako limejengwa na kazi isiyopinda. Utakaaje kwenye meza ileile, na mkasi uleule na futi ileile shingoni, halafu uiambie mikono isahau inachokijua? Hata mimi ningekasirika.

Mtu anayetengeneza kitu ili kikubalike hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anashona, na papo hapo anakagua. Huyo mkaguzi wa ndani ndiye anayekulisha, kwa hiyo sitaki umchukie. Shida ni kwamba kwa mtu aliyeuguza muda mrefu, mkaguzi hutoka kazini akahamia kwenye maisha yote. Dawa ya presha amekunywa saa ngapi? Nimemgeuza, asije akapata vidonda vya mgongo? Uji umepita vizuri au amepaliwa? Kwa miaka mitatu kosa lako dogo lingeweza kumuumiza mama, nawe ulilijua hilo usiku na mchana. Mwili uliokaa zamu namna hiyo hauiachi zamu kwa sababu kaburi limefukiwa. Unaendelea kutega sikio. Usingizi unakuwa wa kushtukashtuka, misuli ya kifua inakaza, na kulia hakuwezekani kwa sababu aliyeko zamu halii.

Na mwili huo hauamrishiki. Wengi hujaribu kujisemesha, "tulia, mama amepumzika," lakini mapigo ya moyo hayasikii Kiswahili. Mwili hujifunza kwa kuonja. Unahitaji dakika chache, tena na tena, za kufanya jambo ambalo ukikosea hakuna anayeumia, hakuna anayerudisha mzigo dukani, hakuna anayeuliza litakwisha lini. Mchezo unatupa dakika hizo. Mikono inashughulika, akili inapata pa kukaa, na mkaguzi anakosa cha kukagua. Ndicho ninachokiamini mimi kuhusu tiba hii: rangi haina dawa ndani yake, udongo hauna, na uzuri wa kilichotoka hauongezi wala haupunguzi kitu.

Jambo hili limeanza kupimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watu wazima 39. Kila mmoja alipewa dakika 45, kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na vipande vya karatasi za kubandika, akaambiwa atengeneze atakacho. Kabla na baada walipima katika mate kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Kwa robo tatu hivi ya watu ilikuwa imeshuka, na waliokuwa na uzoefu wa sanaa hawakuwazidi wasio nao. Nisikuuzie zaidi ya kilichomo: watu 39 ni wachache, hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa wengine haikushuka, na homoni kushuka ndani ya saa moja ni mbali sana na huzuni kupona. Ninachokichukua mimi ni hilo la uzoefu.

Kwa hiyo kozi haitakiwi kutangulia. Kwako wewe ningeiogopa hata kidogo, kwa sasa. Kozi ina mwalimu, ina kazi za nyumbani, ina mwenzako wa pembeni anayechora uso ukaonekana uso. Tutakuwa tumemletea mkaguzi wako mwenzake. Mwambie binti asante, wazo lake ni zuri, na siku utakayotaka kuchora kwa sababu umependa kuchora, mtaenda wote wawili.

Sasa wifi. Ana hoja, na kwenye suala la ada sina jibu la kumshinda. Ila kuna jambo halijui, na wengi hawalijui. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lililofanyika katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, California. Walichagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora. La pili lilichora bila kuahidiwa, kisha likashtukizwa na cheti hichohicho. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena darasani, mwenye kutaka achukue. Wale walioahidiwa cheti walizichezea kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao.

Waangalie vizuri wale wa kushtukizwa: hamu yao haikuguswa. Cheti chenyewe hakikudhuru; kilichodhuru ni ahadi iliyotangulia, kwa sababu iligeuza mchezo ukawa kibarua. Hapa Arusha tunao wachoraji wengi wa Tingatinga wanaowauzia watalii, na ukikaa nao watakuambia bila kuficha kwamba tembo wa arobaini hana mchezo wowote ndani yake, huyo ni kodi ya chumba. Hakuna aibu katika kodi ya chumba. Lakini mtu hawezi kuilipa na kupumzika kwa tembo huyohuyo.

Basi mjibu wifi hivi: saa za kazi ni za ada, hazitaguswa. Nusu saa, mara tatu kwa wiki, ni ya matibabu, na kinachotoka humo hakiuzwi. Liamue hilo kabla hujaanza. Miezi kadhaa mbele jirani akikiona kitu akakipenda akakulipa, pokea hela, hiyo ni habari nyingine. Msimu wa sare ukifika na wazazi wamejaa mlangoni, punguza ziwe dakika kumi, usiache kabisa.

Kuna jambo hukulisema lakini nalisikia chini ya maneno yako: aibu ya kucheza hali mama yuko kaburini. Watafiti wawili wa Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika mwaka 1999 kwamba aliyefiwa huenda na kurudi. Saa fulani anaukabili msiba, saa nyingine anauacha kidogo, anahangaika na maisha yaliyobaki, kisha anaurudia. Wanaouona kuacha huko kama kumsahau marehemu wanakosea. Bila kupumzika, mtu hana nguvu ya kurudi kulia. Na sidhani Waholanzi wametufundisha kitu kigeni. Sehemu nyingi za nchi hii mtani huja msibani akaigiza, akadai faini, akawachekesha watu huku jeneza liko palepale, na hakuna anayemwambia amemvunjia marehemu heshima. Wewe uliyekuwa unapanga vyakula na kuhesabu michango siku zile, nadhani hukupata hata nafasi ya kucheka na watani.

Swali lako la mtaalamu kuona ugonjwa nitalijibu haraka, kwa sababu jibu ni fupi. Hawezi. Kutumia nyeusi hakumaanishi mauti, na foronya iliyopinda haitoi siri ya mtu. Anayekuambia anakisoma kilichotoka mikononi mwako bila kukuuliza wewe, anabahatisha. Tunachofanya ni kuuliza ulijisikiaje ulipokuwa unakifanya, na wapi mkono ulisita. Wala hulazimiki kutengeneza kitu kinachomhusu mama. Ukifinyanga kuku, ni kuku.

Haya, tufike kwenye kufanya. Badili kifaa kwanza. Chukua unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kidogokidogo hadi ushikane bila kunata. Ukiwa na udongo mzuri wa kufinyanga, sawa pia. Kama unga unakuuma, na kwa bei ya sasa sikulaumu, chukua kipande cha mkaa na upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka uliopita. Kaa mbali na meza ya cherehani, ikiwezekana chini, kwenye mkeka. Weka kengele ya simu dakika thelathini, kisha simu yenyewe iweke chumba kingine, maana nakujua utataka kupiga picha. Usipige. Hakuna kuweka status WhatsApp, hakuna kumtumia dada. Macho ya watu ni ukaguzi hata yakisifia.

Kanda, bonyeza, vuta, kwaruza. Ukiona umeanza kulainisha kingo ili zikae sawa, ujue mkaguzi amefika. Usigombane naye, hamishia kazi mkono wa kushoto. Huo hauna sifa yoyote ya kuilinda. Kengele ikilia, kiwe kimefika popote, kikusanye ukande kiwe donge tena. Hili la mwisho ndilo gumu kwa mafundi, nami nalisisitiza kuliko yote. Kisichobaki hakikaguliki.

Nilipata kukaa na mzee mmoja seremala wa Ngaramtoni aliyeambiwa achonge tu apendavyo. Kila wiki alileta kigoda, kizuri, miguu sawa, na usingizi wake haukubadilika. Alianza kutulia siku mjukuu alipomwita kwenye tope, wajipikilishe ugali wa matope na mboga za majani. Kwa mbao asingeweza. Kwenye tope hakuwa fundi wa mtu.

Kama moyo wako bado unataka vitambaa, nakuruhusu kwa masharti: rarua badala ya kukata, usipige pasi, usiwashe cherehani. Sindano ya mkono, uzi wa rangi isiyolingana, na ukikosea pitia palepale, usifumue.

Na binti yako anaweza kukusaidia kuliko kozi. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyefariki mwaka 1971, alikuwa na mchezo wa kukaa na mtoto na karatasi. Mmoja anachora mstari wowote unaopindapinda bila kufikiri, mwenzake anaugeuza kuwa kitu, mjusi au kofia, kisha wanabadilishana. Hakuna anayeshinda. Winnicott alishikilia pia kwamba mgonjwa asiyeweza kucheza, kazi ya kwanza ya mtabibu ni kumfikisha mahali anapoweza. Kwa hiyo kutoweza kwako si mwisho wa matibabu. Ndipo yanapoanzia.

Usitegemee furaha. Mara mbili tatu za mwanzo utajiona mjinga. Baadaye, dalili kwamba kuna kinachoachia ni ndogo na za mwilini: muda umepita bila kujua, umepiga mwayo mrefu, umeshusha pumzi, umesikia njaa. Machozi yanaweza kuja yenyewe, katikati ya unga, bila sababu unayoijua. Yaache. Yakikuzidi hadi unakosa pumzi, acha kazi, nawa uso kwa maji baridi, toka nje, taja kimoyomoyo vitu unavyoviona mbele yako hadi miguu ihisi ardhi. Ikiwa kila ukijaribu unazidiwa hivyo, usiendelee peke yako. Hilo ni la kufanya na mtu aliyefunzwa akiwa amekaa nawe.

Nikuambie pia upande wa pili, kwa sababu wenzangu wengine huusifu mchezo kupita kiasi. Kuna watu ningewashauri kinyume. Mtu ambaye sonona imemlaza, haogi wala hatoki, huyo mara nyingi tunamwanzisha na vijishughuli vyenye mwisho unaoonekana: fua shuka hili, lianike, basi. Kumaliza kunamrudishia imani kwamba bado anaweza kitu. Wewe hukosi kumaliza. Umemaliza kila kitu tangu Februari mwaka jana, pamoja na magauni ya watu. Huenda pia baadaye ukataka kushona kitu kizima kwa kanga za mama, kikakaa kitandani miaka. Ni jambo jema, lifanye kwa ufundi wako wote. Ila lisiwe la mwezi huu.

Sasa kifua. Nimekiacha mwisho lakini kwa utaratibu ndicho cha kwanza. Mimi ni mwanasaikolojia, siandiki dawa wala sipimi moyo, na mtu wa miaka 46 anayebanwa kifua haanzi na unga wa ngano. Anapima presha, anapima sukari, anaonana na daktari auangalie moyo. Yawezekana ni msongo, hata mimi ndivyo ninavyodhani, lakini dhana yangu kutoka Arusha haitoshi. Kifua kikibana ghafla pamoja na jasho, kukosa pumzi, au maumivu kushuka mkononi au kupanda tayani, usisubiri kesho.

Ukiwa huko huko hospitali, Mawenzi au KCMC, uliza kitengo cha afya ya akili. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 inautambua msiba uliorefuka kuwa hali inayohitaji matibabu, pale uchungu au kumtamani marehemu kunapodumu zaidi ya miezi sita na kuvuruga maisha. Wewe umepita mwaka. Sisemi unayo hali hiyo. Nasema unastahili kuulizwa ana kwa ana na mtu anayejua cha kuuliza, naye akuambie kama usingizi unahitaji dawa kwa muda, au kama kuna sonona chini yake. Na kama umewahi kuwaza kwamba bora ungemfuata mama, mwambie mtu leo hii, wifi, binti, mchungaji, yeyote aliye karibu, akusindikize hospitali, na usilale peke yako hadi utakapoonwa.

Ukienda, mweleze daktari tangu lini hulali, kifua kinabana saa ngapi na ukiwa unafanya nini, na dawa zozote unazokunywa, hata za miti shamba. Chukua na binti, akukumbushe utakayoyasahau. Nenda wiki hii, kabla ya sare.